Jaketi Nililokuvua

Kanyenye, Tabora
Jumatatu, asubuhi

Dada Milembe, fundi wangu,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali. Yako naijua, nilikuwepo. Yangu utaipata humu ndani, na nakuomba usinikatize, maana ulikuwa na tabia ya kumsahihisha mtu kabla hajamaliza kusema, kama ulivyokuwa ukininyang'anya mkasi kabla sijakosea.

Nakuandikia hapa kibarazani petu. Cherehani yako nimeifunika kwa ile kanga yenye doa la kutu. Wateja wakifika wanaitazama hiyo kwanza, halafu wananitazama mimi, halafu wanasema pole. Nimechoka kupewa pole. Miezi mitano, mtu unaitikia "nimeshapoa" na hujapoa popote.

Habari ndogo ndogo: mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara amelipaka rangi ya kijani ambayo wewe ungemsema mpaka aifute. Joto la mwezi wa kumi limeingia, na vumbi lake. Kazi zipo nyingi, ila zinaniudhi. Wanawake wanakuja kuagiza lile solo, sketi ya duara zima. Wameziona picha za kwaya, zile za kule juu kwenye miamba, na wanazitaka sketi zile zile, pana vile vile. Mmoja alinipa pole ya msiba, akanipa na kitambaa cha solo, pumzi moja. Nawaambia nina oda za watu wengi. Kweli yenyewe ni kwamba nikikunja kitambaa nikate duara, mkono unagoma.

Lakini siyo hayo yaliyonikalisha niandike. Ni mama yako. Juzi Jumamosi nilikwenda Goweko nikamwambia. Na wewe nataka nikueleze, tangu mwanzo, kwa utaratibu ulionifundisha: vipimo kwanza, mkasi baadaye.

Ulikuwa na miaka arobaini na nane, na hujawahi kwenda mahali kwa ajili ya kwenda tu. Nzega ulikwenda msibani, Igunga harusini, Dodoma kumuuguza shangazi. Kwaya ilipopanga matembezi ya Mwanza, tuvuke ziwa hadi kile kisiwa cha mawe, tupande miamba, tuone wanyama na ndege, tule samaki na kurudi, mkono wako ulikuwa wa kwanza kunyooka. Nilicheka. Ukaniambia, "Babu zetu walitembea kutoka hapa mpaka pwani na meno ya tembo ya watu wengine kichwani. Mimi nataka kufika mahali bila mzigo."

Ukaenda Goweko kuaga. Kwenu ndivyo ilivyo, anayesafiri mbali hupita kwa mama, naye huchukua maji kinywani akampulizia kifuani, safari ikafunguka. Uliwahi kunieleza kwamba haigombani na kanisa hata kidogo, ni radhi ya mzazi tu, ila yenye unyevu. Ulimkuta mayu, mama yako, na karanga zake. Sisemi "mama yako" kwa kujitenga naye. Na mimi namwita mayu, maana ulinichukua nina miaka kumi na saba, sina pa kurudi, wewe Mungu hakukujalia mtoto, na wote wawili mkanihesabu wenu. Siku hiyo alikuwa na hasira. Shamba zima lilikuwa linangoja kung'olewa karanga, na mtoto wake wa pekee anakuja kuaga anakwenda kutembea. Alisema, watu wanavuna, wewe unakwenda kutazama mawe ndani ya maji? Mnyamwezi hasafiri mikono mitupu. Bakuli la maji ulilomwekea aliliacha pale pale miguuni, akaendelea kung'oa.

Uliporudi uliniambia haya huku unacheka. Cheko lenyewe lilikuwa kama blauzi iliyobana kwapani. Inavalika, lakini mwenye nayo anajua. Nilikwambia mayu atapoa. Ukasema ndiyo, nitamletea samaki.

Sasa ile sare. Nisiruke hapo, ndipo dhambi yangu ilipoanzia. Kwaya ilikuwa imenipa mimi kazi ya sare, siyo wewe, mara ya kwanza. Nilivimba kichwa. Wewe ulitaka sketi nyembamba yenye mpasuo kidogo. Mimi nikataka solo kamili, kitenge cha zambarau na manjano, bitana ndani, na gagulo chini ili likae. Uliligusa la kwanza nililolimaliza, ukalipima uzito mkononi, ukasema, "Kalunde, hii ni nguo ya kusimama kanisani. Ya kupandia boti ni nyingine." Nikakujibu kwamba mambo yako ni ya zamani. Hukubishana. Ulivuta kiti ukanisaidia kukata bitana za wanawake wote kumi na wawili, na bitana zako zilikaa vizuri kuliko zangu.

Tukaondoka na Kosta alfajiri. Tulipopita Puge ulikuwa umeshaanzisha wimbo wa tatu. Nzega ulinunua mahindi ya kuchemsha ukatugawia kama watoto. Tukalala Mwanza, asubuhi tukashuka ziwani, na hapo ukanyamaza. Sisi maji tunayajua ndani ya ndoo. Kubwa kuliko yote tuliloliona ni bwawa la Igombe. Ulisimama pale ukingoni muda mrefu, halafu ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Haya wameyazibia wapi?" Nilikucheka mpaka nikashika mbavu.

Nahodha alitugawia yale majaketi ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, yananuka samaki. Tulipokwisha kuyafunga, sare yangu yote ilikuwa imemezwa kuanzia shingo mpaka kiunoni. Tulifanana na magunia ya machungwa. Nilinuna njia nzima ya kwenda, na uliona, ukanifinya paja.

Kisiwani nilisahau kununa. Mwongozaji alitutembeza, akatuonyesha pimbi wamejianika juani mwambani kama wenye nyumba, na swala waliotuangalia bila kujali. Ulivua viatu. Ulikusanya lile solo kwa mkono mmoja, ukapanda miamba, na ndipo nilipoona miundi yako kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, myembamba, ina kovu la jembe. Ukafika juu kabla yetu. Ukakaa. Chini ziwa, na upepo, na ndege weupe wanapita chini ya miguu yetu badala ya juu ya vichwa. Ulikula samaki mzima kwa vidole, ukalamba miiba. Halafu ukajinyoosha kwenye kivuli cha jiwe ukalala usingizi, mchana kweupe, mdomo wazi. Sijawahi kukuona umelala mchana hata ulipokuwa na malaria. Nilikaa karibu nikakufukuzia nzi. Ulipoamka ulishtuka, ukauliza kuna kazi gani. Nikakwambia hakuna. Ukauliza tena, "Hakuna kabisa?" Nikasema hakuna, Dada. Ukarudisha kichwa chini, ukatabasamu na macho yamefumba.

Kama ningekuwa na akili, ningeiacha siku ile iishie hapo.

Tulipopanda boti kurudi, kila mtu alifunga jaketi lake. Tulisogea kidogo kutoka kisiwani, injini ikazima. Nahodha akainama kule nyuma kuishughulikia, ametupa mgongo. Boti imetulia, maji yametulia, jua limegeuka linakipiga kisiwa vizuri, na mimi nikaona picha. Niliiona kabisa ikiwa ubaoni hapa kibarazani, wanawake kumi na wawili, sare yangu, kisiwa nyuma. Zile za miambani zilikuwa zimetuchukua tumekaa, sketi zimetanda, ila mkato wake hauonekani. Nikamwambia mwalimu wa kwaya atoe simu akae mbele. Nikawaambia wanawake wavue majaketi, dakika moja tu, wahamie upande mmoja, wasimame.

Nao wakasimama, Dada. Wakasimama kama tunavyosimama kanisani, sauti ya kwanza kushoto, ya pili kulia, wafupi mbele, warefu nyuma, wote ubavu mmoja wa boti. Mtu wa ziwani asingefanya hivyo hata kwa kulazimishwa. Sisi hatukujua kama boti ina ubavu. Tuliona ngazi za kwaya.

Wewe peke yako ulibaki umekaa, jaketi kifuani. Ukasema, "Mimi niacheni hivi hivi." Nikaja kwako. Nikakwambia, Dada, unaniharibia picha. Ukanitazama. Nikashika kile kifungo cha plastiki, nikakibonyeza, kikalia, nikakuvua jaketi mkono mmoja mmoja kama mtu anavyomvua mtoto sweta. Hukunizuia. Ukasema, "Haya, fundi. Nipambe."

Hukuwahi kuniita fundi kabla ya hapo. Miaka ishirini na moja nilingoja neno hilo.

Ukasimama safu ya nyuma, pembeni kabisa. Mwalimu akapiga. Sijui kama ulisikia simu ilivyolia. Boti ililala upande wetu polepole, bila fujo, nahodha akageuka akapiga kelele kwa Kisukuma, na watu wakafanya lile wafanyalo watu wanaoogopa, wakashikana. Mlianguka watatu. Wawili walidakwa mikono na waliokuwa karibu. Wewe ulikuwa pembeni.

Solo likafunguka juu ya maji, zambarau na manjano, duara kamili nililolikata mimi. Kwa muda mfupi lilikushikilia. Ulikuwa unanitazama. Halafu bitana ikanywa, gagulo likanywa, na lile duara likaanza kushuka kuanzia katikati. Nahodha aliruka. Mimi nilikuwa nimesimama na jaketi lako mkononi. Sikulitupa. Naandika tena nilisome mwenyewe: lilikuwa mkononi mwangu, na sikulitupa.

Walikutoa. Nahodha alikuminya kifua muda mrefu pale kwenye mawe, akaacha, akaanza tena, akaacha. Baadaye wanawake walipotaka kukubadilisha, nguo haikuvulika, kitambaa kilikuwa kimekung'ang'ania. Ikabidi niikate kwa mkasi. Nilianzia upindo.

Sijui nani alianza kusema wimbi. Kabla hatujafika Nzega tulikuwa tunasema wote, wimbi, wimbi lilitupiga. Nahodha naye wimbi lilimfaa. Mwalimu wa kwaya alipita viti vyote kwenye Kosta akazungumza na kila mmoja kwa upole. Alisema ukweli haumrudishi mtu, na familia isiongezewe uchungu. Aliniambia niifute ile picha, kwa kuwa alikuwa amenirushia mimi peke yangu kabla hajaifuta yake. Nikamwambia nimeifuta. Sikuifuta.

Tulikuzika Goweko. Watu walijaa, hata watani waliokuja kwa desturi yao ya kutania msibani walikaa kimya. Mchungaji alihubiri kuhusu kazi ya Mungu kutokuwa na makosa. Koti lake lilikuwa limefumuka begani na nilikazia macho huo mshono ili nisianguke. Alipomaliza, mayu akaomba kusema. Akasimama na fimbo yake, akasema bila kulia: "Msimsingizie Mungu. Mimi nilimnyima mwanangu maji, akaenda kuyatafuta mwenyewe." Akakaa. Watu walimshika mabega, wakamwambia usiseme hivyo mama. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hatua tatu, Dada, na ulimi ninao.

Tangu siku hiyo akaanza kuacha kula. Kwanza aliacha karanga, akasema hazimpiti. Kisha mboga iliyoungwa kwa karanga. Kisha ugali. Arobaini ilipofika alikuwa anakunywa uji asubuhi, basi. Meza ya Bwana alikataa, alimwambia mchungaji kwamba mikono yake siyo safi. Kila aliyemtembelea alisimuliwa habari ile ile, bakuli lilivyokaa, maji yalivyokuwa safi, alivyoyaona na kuendelea kung'oa.

Nilikwenda kwenye arobaini nikiwa nimejiapiza kusema. Nikapika, nikaosha vyombo, nikarudi Tabora. Nikaenda tena mwezi wa nane nikiwa na sabuni na sukari. Nilifika mpaka kwenye "mayu, kuna jambo," akanigeuzia uso, nikasema kuna jambo la paa lako, linavuja. Nikapanda juu nikaliziba. Mwoga anaweza kufanya kazi nyingi sana.

Halafu Alhamisi akanipigia jirani yake, Mama Shija, yule anayemkokea moto. Akasema mayu anakuita, anataka uje na futi yako. Nikauliza futi ya nini. Akasema anataka umpime gauni la kuzikiwa, hataki lishonwe na mtu mwingine, anasema wewe ndiye mkono wa Milembe uliobaki.

Nilikaa kibarazani mpaka chai yangu ikapoa. Nilitafuta namna ya kukataa, na zipo nyingi. Fundi hakosi udhuru. Lakini nilijua nikilishona lile gauni atalivaa upesi.

Jumamosi nikaenda. Nikamwamkia shikamoo mayu, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili, na alikuwa mbele yangu. Mama Shija akamshika ili asimame. Nikaanza mabega. Unakumbuka mabega yake, ya kubeba magunia? Futi iliteleza juu ya mifupa. Kiunoni nilipima mara mbili nikidhani nimekosea. Mwanamke aliyekuwa akivaa nguo za watu wazima wenye mwili, sasa kipimo chake ni cha msichana wa darasa la sita. Nikapiga magoti nichukue urefu, futi nimeibana kwa kidole kwenye kisigino chake, na nikiwa pale chini, simwoni uso, nikasema.

Nilisema yote. Sare, picha, nilivyowapanga, kifungo kilivyolia, "nipambe", jaketi mkononi. Nilisema hakuna wimbi. Nikasema maji yalikuwa yametulia kama kwenye beseni. Mama Shija alimwachia mkono akaziba mdomo wake. Mayu aliyumba, akashika ukuta.

Akasema, "Unanidanganya ili nile."

Hilo sikuwa nimelitazamia. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, kwa fimbo. Kumbe watu walikuwa wameshamletea kila aina ya uongo wa huruma, na ukweli wangu akauweka pamoja na huo. Akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, endelea kupima.

Ndipo nikatoa simu. Nikaingiza namba ya siri mara tatu ndipo ikakubali. Nikamfungulia ile picha, nikaikuza. Upo pembeni kabisa, umecheka, meno yote nje, upepo umekamata skafu yako. Huna jaketi. Na mbele yako, nusu yangu tu imeingia kwenye picha, nimelishika jaketi la rangi ya chungwa, mikanda inaning'inia, na mimi pia nimecheka. Nyuma yetu ziwa limelala. Hata mtu wa Goweko anaona kwamba hakuna wimbi pale.

Aliishika ile simu karibu na macho muda mrefu. Kioo kikazima, akanirudishia niwashe. Nikawasha. Kikazima tena, nikawasha. Akaniuliza, "Ulimvua wewe?"

"Mimi, mayu."

"Hakuwa anataka."

"Hakuwa anataka."

Akanirudishia simu. Akasema peke yake, kwa Kinyamwezi kwanza, kisha kwa Kiswahili kana kwamba alitaka na mimi nisikose: "Kumbe si mimi."

Akakaa chini kwenye mkeka. Alilia sasa, Dada, kilio ambacho hakukitoa kaburini, kikavu, cha kikohozi. Mama Shija alitaka kumkumbatia, akamsukuma. Mimi nilibaki nimepiga magoti na futi shingoni, sijui kama niondoke au nikae. Kilipokwisha alijifuta kwa upindo wa kanga, akamwambia Mama Shija, "Kuna nini jikoni?"

Kulikuwa na ugali wa Mama Shija na mlenda, aliokuwa ameupikia hapo wajukuu wake mwenyewe. Akauleta. Akamimina maji ya kunawa. Mayu akanawa mikono yote miwili, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Akamega tonge.

Unamjua mama yako. Nyumba ile hakuna aliyewahi kupita wakati wa chakula akaachwa. Karani wa tumbaku aliyemdhulumu mizani alikaribishwa. Yule mwendawazimu wa stesheni alikaribishwa, akatengewa na kigoda chake. Sijawahi kumwona mayu akitia tonge la kwanza mdomoni bila kusema karibu, hata kama mtu yupo barabarani.

Alilitia. Akatafuna, ananitazama usoni. Akameza. Akamega la pili. Mama Shija aliniangalia, akamwangalia yeye, akainamisha kichwa. Nilikuwa sijala tangu alfajiri, na mlenda ulinukia. La tatu. Nilikuwa nimepiga magoti umbali wa mkono kutoka kwenye sahani ile, na neno halikuja. Alikula mpaka sahani ikabaki na mabaki yaliyogandia, akayakwangua kwa kidole, akayala na hayo. Ndipo akasema, "Gauni usishone," akageukia ukuta.

Nilitoka nikaenda kungoja treni. Nililia njiani, siwezi kukudanganya, lakini siyo kwa njaa.

Mwalimu wa kwaya amesikia. Amenipigia leo asubuhi, anauliza ile picha si niliifuta. Nimemwambia ipo, na atakayeiulizia ataonyeshwa, awe mwanakwaya au askari. Amesema nitalivunja kanisa. Nimemwambia limeshonwa na nani, mimi nitalifumua wapi. Siyo jibu zuri, lakini nilikuwa nimekasirika. Jana ibadani nilikaa benchi la nyuma, na walipoimba sikufungua mdomo.

Sikuombi msamaha, Dada Milembe. Ungenipa upesi mno, nakujua, ungesema acha utoto, shika mkasi. Wa kuniwia radhi ni yule aliye Goweko, naye ana haki ya kukaa nao mpaka atakapoona, au asiutoe kabisa.

Hii ndiyo ahadi yangu. Mvua zinakaribia, na magunia ya karanga yapo ndani hayajamenywa hata moja, mbegu hazipo. Kila Jumamosi nitapanda treni ya kwenda Goweko. Nitakaa nje, ukutani, nimenye karanga za mbegu, na mvua ikinyesha nitalima. Wakati wa chakula ukifika nitamsikiliza akila. Asiponikaribisha mwaka huu nitakwenda mwakani, na asiponikaribisha mpaka mmoja wetu anakufa, bado nitakuwa nimekwenda.

Kwaheri, fundi wangu. Mama yako anakula. Lala.

Mimi, mwanafunzi wako,
Kalunde